Baba Alipigana Kagera, Jalada Linasema Hakuwepo

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Mufindi, kijiji kimoja si mbali na Mafinga mjini. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa tatu kati ya watano, na ndiye niliyebaki karibu na wazazi. Shida yenyewe ni ya baba, ila macho yake yamechoka, hawezi tena kuandika. Nikimwambia anisimulie niandike mimi, hujibu, "Acha mwanangu, wenye jeshi lao wanajua."

Baba alikwenda vitani Novemba 1978. Hakuwa askari, alikuwa mgambo wa kijiji, kijana wa miaka 22 aliyemwacha mama na mimba ya kaka yetu mkubwa. Walikusanywa, wakapandishwa malori ya mbao hadi Dodoma, treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba. Husimulia walivyovuka Mto Kagera pale Kyaka kwa daraja la muda kwa sababu lile lenyewe lilikuwa limelipuliwa. Kutoka hapo ni miguu yako na begi lako: Mutukula, Masaka, mpaka Lukaya, ambako kipande cha bomu kilimwingia pajani. Alirudishwa nyuma kutibiwa. Hicho chuma wanasema hakikutolewa chote, na kila Juni baridi ya huku ikishika, mguu humuuma hadi anaomba maji ya moto usiku. Alipopona aliingizwa JWTZ moja kwa moja, akatumika hadi 1999, akastaafu akiwa sajini. Baada ya hapo alilinda kiwanda cha mbao kwa miaka 11. Wajukuu wanamwita Babu Mlinzi.

Mwaka jana, tarehe 25 Julai, nilimsindikiza Iringa kwenye Siku ya Mashujaa. Wazee wenzake walikuwa na medali kifuani, mwingine mbili, mwingine nne. Baba alivaa koti lake la kijivu alilopigia pasi mwenyewe tangu usiku, kifuani hana hata kifungo kinachong'aa. Mzee mmoja akamtania, "Wewe sajini, medali zako ulinywea ulanzi?" Watu wakacheka na baba akacheka. Tuliporudi kwenye kosta hakusema neno mpaka tumepita Ifunda. Ndipo akasema, akiangalia dirishani, "Siku mtakaponisomea wasifu, msiseme tu nilikuwa mlinzi."

Nikaanza kufuatilia. Nilitoa hati yake ya kustaafu kwenye sanduku la bati. Palipoandikwa tarehe ya kuandikishwa pana "1 Septemba 1979". Palipo na medali pamechorwa mstari. Na jina la ukoo, ambalo lina "hw" katikati, limeandikwa kwa "w" tupu. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa nirudi wiki ijayo, mara tatu. Mara ya nne bwana mmoja aliitazama hati, akanirudishia na kuniambia, "Mama, mzee wako hakuwepo vitani. Angalia tarehe." Nilitoka machozi yananilenga.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam akanitafutia fomu kwenye intaneti, inaitwa DD 149, ya kurekebisha kumbukumbu za wanajeshi wastaafu. Niliijaza yote kwa Kiingereza, baba akatia saini, kisha nikagundua anwani ya kuipeleka iko Marekani. Kuna bwana mwingine hapa Mafinga anasema ana watu wake Dodoma, anataka laki tatu. Mwanangu anasema fundi wa Kariakoo anaweza kutengeneza medali ileile, babu aivae Julai hii. Na kaka yangu mkubwa amekuwa mkali, anasema niache kumsumbua mzee kwani medali hailiwi.

Nakuambatanishia fomu hiyo ya DD 149 pamoja na maelezo tuliyotaka kupeleka kwa wakili kula kiapo. Yanaanza hivi: "Mimi nilijeruhiwa Lukaya, Uganda, mwezi Mei 1979 nikiwa katika mstari wa mbele..."

Mjomba, nianzie wapi?

Mwalimu, Mufindi

*

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na wewe kama mwalimu najua utanielewa.

Nianze na yule bwana aliyekurudishia hati. Alikosa adabu. Mtu anayeleta jina la baba yake mezani kwako hajibiwi hivyo. Lakini kwa karatasi aliyoshika, alisoma sawa. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita Novemba 2. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na mwanzoni mwa Juni vijana wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Mtu aliyeandikishwa Septemba 1 mwaka huo, kwa hesabu ya karani yeyote, aliikuta vita imekwisha. Unaweza kuandika barua kumi za kuomba medali, na makarani kumi watafungua jalada, wataona Septemba, watalifunga.

Kwa hiyo medali iache kwanza. Kinachokusumbua ni tarehe. Omba tarehe irekebishwe, na jina, halafu medali itakuwa na mahali pa kusimama.

Tarehe hiyo ilikujaje? Jalada sijaliona, lakini hadithi ya baba yako inanipa picha. Jeshi lililokuwepo kabla ya vita lilikuwa dogo kuliko lililohitajika, na mwito ulipotoka walichukuliwa mgambo kwa maelfu, pamoja na vijana wa JKT, polisi na magereza. Mgambo wa kijiji aliandikwa kwenye orodha ya huko alikotoka. Aliyeonekana anafaa na akataka kubaki, alijazishwa fomu ya kuandikishwa JWTZ siku hiyo, na siku ya fomu ndiyo ikawa siku yake ya kuzaliwa jeshini. Miezi iliyotangulia ikabaki kwenye daftari jingine. Nimeshika masjala ya serikali kwa miaka mingi, si ya jeshi, ya kawaida tu ya walimu na manesi, na nakuambia mtu mwenye vipande viwili vya utumishi na jina lenye herufi inayopotea ni wa kawaida kabisa. Nimewahi kukuta nesi mmoja ana majalada mawili kwenye kabati moja, rafu ya juu na rafu ya chini, moja lina "L" na jingine "R", na yeye mwenyewe amehangaika miaka sita akidai kupandishwa daraja.

Hakuna aliyemwibia baba yako. Andika ukiwa unaamini hivyo, maana barua ya mtu anayetuhumu hujibiwa na mtu anayejitetea.

Jambo la pili ulijue kabla hujashika kalamu. Medali hukosekana kwa njia tatu, na watu huzichanganya. Kuna aliyevishwa kabisa, ila jalada halikuandikwa. Kuna aliyestahili kwa sababu alikuwepo, lakini jina halikuwa kwenye orodha siku wenzake walipovishwa. Na kuna aliyefanya jambo la ushujaa ambalo kamanda wake hakulipendekeza. Huyu wa tatu kesi yake ni ngumu, kwa sababu anayetakiwa kusema ni kamanda, na baada ya zaidi ya miaka 40 makamanda wengi wametangulia. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 kule mbele, amefariki 2024 akiwa na zaidi ya miaka 100. Baba yako ni wa kundi la pili. Anachotakiwa kuthibitisha ni kwamba alikuwepo. Kwa hiyo yale maneno ya ukurasa wa tatu wa maelezo uliyoniambatanishia, ya jinsi baba alivyombeba mwenzake mgongoni usiku kucha, ni mazuri na ninayaamini, lakini yatoe kwenye kiapo. Yaweke kwenye wasifu. Kwenye ombi yatalifanya lionekane la kundi la tatu.

Sasa kalamu nyekundu. "Nilijeruhiwa Lukaya mwezi Mei 1979." Hapana, mwanangu. Mapigano ya Lukaya, pale barabara inapokatiza kwenye matope na mafunjo kati ya Masaka na Kampala, yalikuwa Machi 10 na 11. Brigedi yetu ya 201 ilishambuliwa na majeshi ya Amin, wakiwemo Walibya waliokuja kumsaidia, ikarudi nyuma, kisha Brigedi yetu ya 208 ikazunguka ikawapiga kwa ubavu. Mwezi Mei mstari wa mbele ulikuwa umeshaipita Lukaya kitambo. Afisa atakayesoma kiapo chako anaijua hiyo historia kama unavyojua jedwali la kuzidisha. Akifika kwenye "Mei" ataweka karatasi chini, na baba yako atakuwa ameapa uongo bila kujua.

Simaanishi mzee anadanganya. Mei huenda ni mwezi aliotoka hospitali, au mwezi barua yake ilipofika nyumbani. Kumbukumbu ya mzee usiiulize tarehe, iulize mambo yaliyokuwa yakitendeka. Kaa naye jioni, weka simu irekodi, mwache aongee Kihehe kama ndicho kinachomtoka, na muulize hivi: Ulipoumia, Masaka ilikuwa tayari ni yetu? Kampala ilianguka ukiwa kitandani au ukiwa bado unatembea? Nani alikuambia? Mvua ilikuwa inanyesha? Mlikuwa mnakula nini? Aliyekufunga jeraha ni nani, na mlimwita kwa jina gani? Sajini wa platuni alitokea mkoa gani? Mlikuwa mgambo watupu au mlichanganywa na askari? Hili la mwisho lina uzito, maana brigedi hazikuwa sawa, kuna iliyojaa mgambo na kuna iliyokuwa na askari wengi wa zamani. Akikuambia "Kampala ilianguka nikiwa wodini, manesi wakapiga vigelegele," umeshapata tarehe bila kuitaja. Kwenye kiapo andika "mwezi Machi 1979, baada ya kupita Masaka." Asichokumbuka, kisiandikwe.

Kuhusu fomu ya shemeji yako, nilicheka kidogo, unisamehe. Nilipoona namba ya jeshi ya baba yako, ile inayoanza na MT, imewekwa kwenye kisanduku cha namba ya bima ya jamii ya Marekani, nikamwita mke wangu aje aone. Fomu hiyo ni ya wenyewe. Mmarekani akitoka jeshini hupewa karatasi iitwayo DD 214, na medali zake zimeorodheshwa humo. Ikikosekana moja, anaandikia kwanza hifadhi ya majalada iliyoko St. Louis, na ikithibitika anatolewa karatasi ya nyongeza, DD 215. Hiyo DD 149 ni ngazi ya mwisho, inakwenda kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu, na sheria yao inataka ipelekwe ndani ya miaka 3 tangu mtu agundue kosa, ingawa bodi inaweza kumsamehe aliyechelewa. Kwetu haina kazi. Ila kuna kitu kimoja cha kujifunza kwao. Julai 12, 1973 hifadhi hiyo iliungua, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Wazee wao hawakuambiwa "hukuwepo." Historia zao zilijengwa upya kwa karatasi zilizokuwa mahali pengine: hati za malipo, kumbukumbu za hospitali, taarifa za kila siku za vikosi. Hilo ndilo unalokwenda kufanya wewe. Jalada moja likinyamaza, tafuta karatasi zilizolala kwenye makabati ya watu wengine.

Na karatasi yako ya kwanza imo pajani mwa baba.

Mpeleke hospitali hapo Mafinga apigwe eksirei ya paja. Kama kipande cha chuma kimo, kitaonekana cheupe kabisa kwenye picha, hata mtu asiye daktari anakiona. Mwombe daktari aandike anachokiona tu: kuna chuma, kiko sehemu gani, kovu linaonekana la zamani. Usimshawishi aandike "alijeruhiwa vitani Kagera," yeye hakuwepo. Picha yenyewe itasema, ikikaa kando ya hati inayoonyesha kwamba huyu mtu alistaafu 1999. Muulize mzee pia kama baada ya 1979 aliwahi kutibiwa mguu huo katika hospitali ya jeshi. Kama ndiyo, kwenye jalada lake la matibabu kuna mahali daktari wa jeshi alimuuliza, "Hili ulilipata wapi?" na jibu likaandikwa. Taja hospitali na mwaka kwenye ombi, wao ndio watakaolitafuta.

Ya pili ni mashahidi. Wale wazee waliocheka Iringa usiwanunie. Yule aliyetania habari za ulanzi, muulize alikuwa kombania gani. Wastaafu wa jeshi wana muungano wao, MUWAWATA, na watu wa namna hii hujuana kwa majina ya utani ya mwaka 1979. Unatafuta wawili au watatu waliokuwa na baba yako kwenye lori, kwenye meli au kwenye mahandaki, hasa wenye medali tayari, kwa sababu kuwepo kwao hakuna ubishi. Kila mmoja aandike kwa maneno yake na aape kivyake. Nimeona viapo vitatu vilivyochapwa na mtu mmoja, hata kosa la herufi ni lilelile, na afisa akavihesabu kama kimoja, tena chenye mashaka. Mmoja akisema walikula ndizi na mwingine akasema maharage, ziache ndizi na maharage.

Ya tatu ni orodha ya mgambo. Nenda kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yenu. Usiende kudai medali, nenda kuuliza kama kuna kumbukumbu yoyote ya mgambo waliochukuliwa Mufindi 1978. Huenda haipo. Lakini ofisi hiyo ndiyo mlango wako sahihi hata kama kabati ni tupu, kwani barua yenu itapita hapo.

Jina ni kazi ndogo. Wakili au kamishna wa viapo atakuandalia hati ya kiapo inayosema mwenye jina la "hw" na mwenye jina la "w" ni mtu mmoja, na mwambatanishe nakala ya kitambulisho cha taifa. Kama pesa ya wakili inabana, ulizia wasaidizi wa kisheria, wapo siku hizi mpaka ngazi ya kata.

Barua yenyewe iwe ya baba, si yako. Jalada ni la jeshi na habari zilizomo ni zake, wewe hapo ni mgeni. Atie saini mwenyewe, au dole gumba, na chini yake awepo mstari unaokuruhusu wewe kufuatilia kwa niaba yake. Ukurasa mmoja. Iende kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, kupitia kwa Mshauri wa Mgambo. Mwili wake usizidi hapa:

"Mimi, mwenye namba ya jeshi iliyotajwa hapo juu, niliyestaafu mwaka 1999 kwa cheo cha Sajini, naomba kumbukumbu zangu za utumishi zirekebishwe katika mambo mawili. Kwanza, zinaonyesha nilianza 1 Septemba 1979. Kabla ya tarehe hiyo nilikuwa mgambo niliyechukuliwa kutoka Wilaya ya Mufindi Novemba 1978, nikapelekwa Kagera, na nikajeruhiwa Lukaya Machi 1979. Naomba kipindi hicho kitambuliwe. Pili, jina langu la ukoo limekosewa herufi moja kama hati ya kiapo inavyoeleza. Iwapo marekebisho hayo yatakubaliwa, naomba ifikiriwe kama nastahili medali ya Vita vya Kagera, ambayo sikuwahi kuvishwa."

Halafu orodha ya viambatanisho, basi. Ona jinsi medali ilivyokuja mwishoni, kwa sauti ya chini. Na ona kwamba hakuna neno kuhusu pensheni. Utashawishika kuongeza, "na mafao ya miezi hiyo je?" Usiongeze. Ombi la heshima linasomwa na jicho moja, la fedha linasomwa na jingine, ukiyaweka kwenye bahasha moja lile la heshima litasubiri la fedha. Kama kuna haki ya fedha humo, tarehe ikishakaa sawa itaulizwa kwa barua yake.

Peleka nakala tatu. Moja wabaki nayo, moja ipande juu, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mbele ya macho yako, urudi nayo nyumbani. Wale waliokurudisha mara tatu hawakuwa na cha kujibu kwa sababu hukuwaachia chochote. Mtu aliyeuliza kwa mdomo huambiwa njoo wiki ijayo. Baada ya miezi mitatu andika ya kukumbushia, ukitaja tarehe ya muhuri. Wakikataa, omba wakatae kwa maandishi na waseme sababu, kwa kuwa sababu ndiyo inayokuambia karatasi gani imepungua. Na tafadhali, hati za baba zisirushwe kwenye makundi ya simu ili watu "washauri." Namba ya jeshi na picha ya hati ni chakula cha matapeli.

Nikifika kwa matapeli, bwana wa laki tatu huyo ni kishoka. Muulize atapeleka karatasi gani, kwa nani, na atakurudishia muhuri upi. Ataanza kuzungumzia nauli ya Dodoma. Laki hizo tatu zinatosha eksirei, viapo, nakala na nauli ya kwenda kuwaona wazee wawili, na chenji inabaki.

Fundi wa Kariakoo namkataa kwa nguvu zaidi. Nishani hutunukiwa na Rais, haishonwi kama beji ya skauti. Mzee akiivaa Julai mbele ya wale wazee, macho yao yatakwenda kifuani kwake kabla ya salamu, watajua, na inaweza kumwingiza matatani na wakubwa. Halafu jiulize itakuwaje siku ombi la kweli likiwa mezani na mtu akatoa picha ya baba yako amevaa ya bandia. Mwambie mjukuu kwa upole, najua alitaka kumfurahisha babu.

Nimebakiza kaka yako. Anasema medali hailiwi, na ni kweli hailiwi. Sijui ana lipi moyoni. Wakati mwingine mtoto mkubwa anaogopa kumwona baba yake akikataliwa mara ya pili, na ukali ndio nguo anayoivalisha hofu hiyo. Usibishane naye. Mwombe kitu kimoja tu: cheti chake cha ubatizo.

Umesema baba alimwacha mama na mimba Novemba 1978. Basi kaka yako alizaliwa 1979, baba akiwa safarini au wodini. Kama alibatizwa akiwa mchanga, parokiani au usharikani kuna kitabu kikubwa cha jalada gumu, na kwenye mstari wa jina lake kuna siku, jina la baba, jina la aliyemsimamia, na mara nyingine neno moja au mawili ya padri au mchungaji aliyekuwa akiandika: baba hayupo, baba yuko jeshini. Aliyeandika hakuwa na habari ya medali. Kitabu cha namna hiyo, kilichoandikwa mwaka uleule na mtu asiye na maslahi, kina nguvu kuliko viapo vitano vya leo. Mwombe paroko au mchungaji akupe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Na muulize mama siku ile alisimama na nani kanisani, kwa sababu yeye pia ni shahidi na naona katika barua yako nzima hujamuuliza hata swali moja.

Eksirei Jumatatu, kitabu cha ubatizo Jumapili ijayo baada ya ibada. Ukikipata, niandikie unieleze jina la ukoo limo kwa "hw" au kwa "w".

Mjomba